Siti binti Saad na Funzo la Santuri

Majuzi, nikiwa Kipsongo mjini Kitale, nilimsikia mzee mmoja akipiga litungu, nikajiuliza ni nani atakayeihifadhi sauti yake. Papo hapo nikamkumbuka Siti binti Saad.

Bibi huyo alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alikulia katika ufukara, akifinyanga vyungu na kuvitembeza huku akivinadi kwa sauti nzuri. Mnamo 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba, hatimaye akashirikiana na kina Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban.

Tarabu iliyotukuzwa wakati huo ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akayatia humo malalamiko ya wanyonge. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua yeye na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi. Kampuni ilifuata faida, wala haikukusudia kuihifadhi lugha. Hata hivyo santuri zile zilipendwa kote pwani. Siti alifariki mwaka 1950.

Kwetu wanaisimu, santuri hizo ni hazina. Zimenasa Kiswahili cha Unguja miaka miwili kabla ya kuundwa, mwaka 1930, kamati iliyokisanifisha.

Nionavyo mimi, hakuna mfanyabiashara atakayefika Kipsongo kumtafuta mpiga litungu, kwani faida yake ni ndogo. Kazi hiyo ni yetu, walimu na wanafunzi. Mwenye simu ana kinasa sauti mkononi. Tuwarekodi wazee wetu, tuandike majina yao na maana ya nyimbo zao, wangali hai.