Richard Burton: Alimuoa mwanamke mmoja mara mbili

Wengi wetu tukisikia jina Richard Burton tunamkumbuka yule Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Leo tunamzungumzia mwingine, mwigizaji filamu aliyezaliwa Wales Novemba 10, 1925.

Alipozaliwa aliitwa Richard Jenkins, mtoto wa 12 kati ya 13. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe na mnywaji. Mama alifariki Richard akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na dada yake Cecilia. Baadaye mwalimu wake, Philip Burton, alikiona kipaji chake, akamlea, akamfundisha kuitumia sauti yake na kumpa jina lake. Mwaka 1954 sauti hiyo ilisikika redio ya BBC katika mchezo wa Under Milk Wood, ikawa maarufu.

Mwaka 1962 alikuwa Roma akiigiza filamu ya Cleopatra pamoja na Elizabeth Taylor. Yeye alikuwa na mke na mabinti wawili, na Taylor alikuwa mke wa mtu. Mapenzi yao yalizua gumzo dunia nzima, hata gazeti la Vatican likayakemea. Ndoa zote mbili zilivunjika, nao wakaoana Machi 1964 mjini Montreal, Kanada.

Fedha na almasi hazikukosekana. Kilichokosekana ni utulivu. Walipendana, wakagombana, na Burton akazidi kunywa. Mwaka 1974 walitalikiana. Oktoba 1975 wakaoana tena, safari hii barani Afrika, huko Kasane, Botswana. Mwaka haukuisha, wakaachana.

Filamu ya televisheni Burton & Taylor, iliyotolewa na BBC mwaka 2013, inawaonyesha mwaka 1983 wakiigiza jukwaani New York. Mchezo wenyewe, Private Lives, unahusu watalaka wanaokutana tena. Watu walijaa ukumbini kuwatazama wao kuliko mchezo.

Burton alifariki Uswisi Agosti 5, 1984, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 58. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara saba, asipate hata moja.

Msikilizaji, ukiitazama filamu hiyo utaona kwamba mapenzi kati yao hayakuisha. Lakini kupendana ni jambo moja, na kuishi nyumba moja kwa amani ni jingine, hasa chupa ikiwa mezani kila siku.