Haddow, Mzee wa Kusubiri Mbu

Mwaka jana nikiwa fildi Kisarawe, bibi mmoja alileta mjukuu wake usiku kwenye kituo tulichopangiwa. Mtoto wa miaka 4, mwili unawaka moto, macho yamegeuka, mikono imekakamaa. Bibi alisema ni degedege na hakuna aliyembishia. Tukapima malaria kwa kipimo cha haraka: hana. Asubuhi tukarudia: hana. Akatibiwa malaria hivyo hivyo, pamoja na antibayotiki, na baada ya siku kadhaa homa ikashuka. Alirudi nyumbani akiwa hai, tunamshukuru Mungu. Lakini alikuwa ameacha kuongea, na mguu wa kulia alikuwa anauburuta. Kwenye daftari tuliandika homa isiyojulikana.

Mimi ni mtoto wa Kibaha, nimekulia Maili Moja, na huko kwetu homa zote ni malaria mpaka ithibitike vingine. Neno lile la daftarini lilinikaa kichwani. Niliporudi chuoni nikaanza kusoma kuhusu virusi vya mbu vinavyoingia kwenye ubongo, na kila nilipofungua ukurasa nilikutana na jina moja: Haddow.

Alexander John Haddow alizaliwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1912. Alisoma kwanza zoolojia, akamaliza mwaka 1934, halafu akaongeza udaktari wa binadamu, akahitimu mwaka 1938. Wengi wetu tungeona huko ni kupoteza miaka. Kumbe ndiyo mtaji wake: alimjua mdudu na alimjua mgonjwa. Alipokuja Afrika Mashariki alianzia Kisumu, akihesabu mbu ndani ya nyumba za wenyeji, na mwaka 1942 akahamia Entebbe, Uganda. Pale palikuwa na taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyoanzishwa na Rockefeller Foundation mwaka 1936.

Entebbe walishaonja ugeni wa virusi vya ubongo. Mwaka 1937, kutoka kwenye damu ya mwanamke mwenye homa huko wilaya ya West Nile, watafiti walipata kirusi kipya kilichoua panya kwa kushambulia ubongo. Ndicho tunachokiita kirusi cha West Nile hadi leo. Mwanamke mwenyewe alikuwa na homa tu.

Haddow akapelekwa Bwamba, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Kazi yake ukiisikia unaweza kucheka: kukaa na kusubiri kuumwa na mbu. Yeye na wasaidizi wake Waafrika walikesha, saa 24 mfululizo, wengine ardhini na wengine kwenye majukwaa ya mbao juu ya miti, wakimkamata kila mbu aliyetua mwilini na kuandika saa na urefu kutoka ardhini. Kwa hesabu hizo wakaona kwamba msitu una ghorofa. Mbu Aedes africanus anaishi juu kabisa na anauma sana jua linapozama, wakati kima wanatafuta pa kulala. Kima huyo huyo asubuhi anashuka kuiba ndizi shambani, na kwenye makwapa ya majani ya mgomba yuko mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayemuuma kima kisha anamuuma mkulima. Hivyo ndivyo homa ya manjano ilivyokuwa inatoka msituni kwenda kijijini.

Huko huko Bwamba, mwaka 1942, mbu waliosagwa na kudungwa kwa panya walitoa kirusi cha Msitu wa Semliki. Kwa binadamu hakina makali, lakini panya kinawavimbisha ubongo, ndiyo maana maabara nyingi duniani bado zinakitumia kujifunza jinsi kirusi kinavyoingia kichwani.

Halafu ikaja Zika. Huo ni msitu mdogo karibu na Entebbe ambako waliweka kima wa rhesus kwenye vizimba juu ya miti kama mtego wa homa ya manjano. Aprili 1947 kima namba 766 akapata homa. Damu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua. Januari 1948 kirusi kile kile kikapatikana kwenye Aedes africanus wa msitu huo. Mwaka 1952 Haddow na wenzake George Dick na Stuart Kitchen wakachapisha habari hiyo, na Dick akaeleza kwamba kwa panya kirusi hicho kinapenda ubongo kuliko kiungo kingine chochote. Dunia ikasoma, ikafunga jarida.

Sasa tuulize kile nilichokuwa natafuta mimi: kirusi kinafikaje kwenye ubongo? Mbu anapouma anaacha mate, na kirusi kimo humo. Kinaanza kuzaliana kwenye ngozi, kinabebwa na seli za kinga hadi kwenye tezi, kisha kinamwagika kwenye damu. Wagonjwa wengi wanaishia hapo: homa, mwili kuuma, basi. Ubongo una ukuta wake, kwa sababu mishipa yake ya damu imebanwa sana isipitishe ovyo. Lakini kirusi kina njia. Kinaweza kuambukiza seli za mishipa yenyewe, kinaweza kujificha ndani ya chembe nyeupe zinazoruhusiwa kupita, na vingine hupanda kwa kufuata neva. Kikishaingia kinaua seli za fahamu. Na kinga ya mwili ikija kupigana inaleta uvimbe ndani ya fuvu, ambalo halina nafasi ya kutanuka. Hapo ndipo degedege, kupooza, kupoteza kauli. Kwa West Nile, anayefikia hatua hiyo ni chini ya mmoja kati ya watu 100 walioambukizwa. Zika ni habari nyingine: kwa mama mjamzito kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kuua seli changa ambazo zingejenga ubongo wa mtoto.

Haddow alikuwa mkurugenzi wa taasisi kuanzia mwaka 1953, ikiitwa sasa taasisi ya virusi ya Afrika Mashariki. Chini yake damu za wagonjwa wa Newala, huku kwetu kusini, zilitoa kirusi cha chikungunya, jina la Kimakonde linaloijua dunia nzima. Mwaka 1959 homa ya o'nyong-nyong ilipolipuka Uganda na kusambaa hadi Kenya na Tanganyika, alikuwa mstari wa mbele kuieleza. Na daktari Burkitt alipochora ramani ya saratani ya taya kwa watoto, Haddow ndiye aliyemwonyesha kwamba mipaka ile ni ya joto, kama ya magonjwa ya mbu. Mwaka 1960 mnara wa chuma wa futi 120 ukasimamishwa msitu wa Zika, ili mbu wahesabiwe kila ghorofa.

Mwaka 1965 alirudi Glasgow, akawa profesa na mkuu wa kitivo cha tiba. Alipenda zumari ya Kiskochi kiasi cha kuandika kitabu juu ya muziki wake wa kale. Alifariki Desemba 1978. Hakuona mwaka 2015, watoto wa Brazil walipozaliwa na vichwa vidogo, na kirusi cha kima 766 kikawa habari ya dunia.

Simpigii makofi kwa kila kitu. Wasaidizi waliokesha juu ya miti walikuwa chambo kama yeye, na majina yao hayakupanda kwenye vichwa vya makala. Hilo ni deni. Lakini tabia yake ya kuhesabu kitu ambacho hakina mtu anayekitaka naiheshimu sana.

Kwa sababu tazama kwetu. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu. Kisarawe kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wenye kima na mashimo ya miti yanayotunza maji. Kati yake kuna vifuu vya nazi, matairi na madumu nyuma ya kila nyumba, na Aedes aegypti anahitaji hayo tu. Dengi ilishapiga hodi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Na bado mtoto mwenye degedege asiye na malaria tunamwandikia homa isiyojulikana.

Sijui yule wa Kisarawe alikuwa na nini, na sitajua tena, maana damu yake haikuhifadhiwa. Wewe unayekwenda fildi muhula ujao, usifunge faili pale kipimo cha malaria kinaposema hapana. Andika tarehe, andika kijiji, uliza kama jirani naye aliugua, omba sampuli itunzwe. Kima 766 naye alikuwa na homa tu, ila kuna mtu aliyeiandika.