Henrik Sjögren

Henrik Samuel Conrad Sjögren (Köping, Uswidi, 23 Julai 1899 – Lund, Uswidi, 17 Septemba 1986) alikuwa daktari wa macho wa Uswidi. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba macho makavu yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mwili mzima, ambao leo huitwa ugonjwa wa Sjögren.

Maisha

Alisomea udaktari katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, akapata leseni ya utabibu mwaka 1927. Mke wake, Maria Hellgren, alikuwa mwanafunzi mwenzake wa udaktari.

Karibu na mwaka 1930 alimtibu mwanamke aliyekuwa na macho makavu, kinywa kikavu na maumivu ya viungo. Dalili hizo zilikuwa zimewahi kuandikwa moja moja na madaktari wengine. Sjögren alianza kutafuta wagonjwa waliokuwa nazo kwa pamoja.

Tasnifu ya 1933

Mwaka 1933 alitoa tasnifu yake kwa lugha ya Kijerumani. Ilieleza wagonjwa 19, wote wanawake, ambao 13 kati yao walikuwa na baridi yabisi. Aliuita ugonjwa wa macho yao keratoconjunctivitis sicca, ili kuutofautisha na ukavu wa macho unaoletwa na upungufu wa vitamini A.

Tasnifu hiyo haikupewa alama za kutosha kumpatia cheo cha kufundisha chuo kikuu. Sjögren aliendelea na kazi ya hospitali katika mji wa Jönköping, ambako pia alifanya upasuaji wa kupandikiza konea. Mwaka 1943 daktari Bruce Hamilton wa Australia aliitafsiri tasnifu kwa Kiingereza, na tangu hapo ikasomwa katika nchi nyingi. Sjögren alipata cheo cha kufundisha katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 1957, na serikali ikampa hadhi ya profesa mwaka 1961.

Ugonjwa

Katika ugonjwa wa Sjögren, mfumo wa kinga hushambulia tezi za mwili wenyewe, hasa za machozi na mate. Wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa kati. Mgonjwa huhisi kama ana mchanga machoni, na hupata shida kumeza chakula kikavu. Wakati mwingine jicho kavu hutoa machozi mengi kwa sababu ya kuwashwa, hivyo mtu hudhani tatizo lake ni kinyume chake.

Kipimo kimoja kilibuniwa na Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Ukanda wa karatasi maalumu huwekwa ndani ya kope la chini kwa dakika 5. Ukilowa milimita 5 au chini ya hapo, machozi ni machache.

Umuhimu katika Afrika ya Mashariki

Tofauti aliyoieleza Sjögren ina maana kubwa mahali penye sababu nyingi za macho makavu. Nchini Tanzania watoto wadogo hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka ili kuwakinga na upofu. Makovu ya ugonjwa wa vikope (trakoma) pia hukausha jicho. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kama vile wilaya za Kasulu na Kibondo, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni jikoni huzidisha mwasho. Kwa hiyo mama mwenye macho makavu anaweza kudhaniwa ameathiriwa na moshi tu. Kumwuliza kuhusu kinywa na viungo hakuhitaji mashine, na kipimo cha Schirmer huhitaji karatasi tu.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya kabisa. Wagonjwa hutumia machozi ya bandia, hunywa maji kidogo kidogo, hutunza meno na huepuka moshi na vumbi. Kutia jichoni dawa za miti shamba, au matone yasiyoandikwa na daktari, kunaweza kuharibu konea. Jicho likiuma sana, likishindwa kuvumilia mwanga au likipungukiwa na uwezo wa kuona, mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali haraka.

Kumbukumbu

Sjögren alistaafu mwaka 1967 akahamia Lund. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 23 Julai, huadhimishwa kama Siku ya Sjögren Duniani.