Roberto Clemente, Mchezaji Aliyewaendea Wenye Shida

Kila jioni katika Mikelenge vijana hukimbilia kiwanjani kucheza mpira. Mtu akijaliwa na Mungu mwili wenye nguvu na wepesi, autumie kwa faida ya nani? Sikieni habari za Roberto Clemente.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 mjini Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Baba yake, Melchor, alikuwa msimamizi katika mashamba ya miwa. Mama yake aliitwa Luisa.

Mchezo wake ulikuwa besiboli. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia. Wengine hutawanyika uwanjani ili waudake na kuurudisha. Roberto alisimama mbali, upande wa kulia wa uwanja wa nje. Mkono wake ulikuwa na nguvu nyingi, hata wakimbiaji waliogopa kusonga mbele walipoona mpira umeangukia kwake.

Mwaka 1955 aliingia timu ya Pittsburgh Pirates, katika mji wa viwanda vya chuma. Mwaka huo timu yake ilikuwa ya mwisho kati ya timu nane. Roberto hakuikimbia. Aliichezea miaka 18, wala hakuchezea nyingine katika ligi kuu mpaka kufa kwake. Mwaka 1960, na tena mwaka 1971, timu hiyo ilishinda zote.

Lakini njia yake ilikuwa na miiba. Alikuwa mtu mweusi, tena msemaji wa Kispania. Timu ilipokwenda Florida kufanya mazoezi, weusi walikatazwa kulala katika hoteli za wazungu. Basi lao liliposimama penye mgahawa, wao walibaki ndani wakiwangoja wenzao wale chakula. Waandishi wa magazeti walimcheka kwa Kiingereza chake. Roberto alikasirika, akasema waziwazi kwamba mambo hayo ni udhalimu.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na Vera Zabala katika kanisa la San Fernando, mjini kwao, nao wakajaliwa watoto watatu wa kiume. Sifa hazikumsahaulisha wazazi wake. Mwaka 1971, saa ya ushindi, watu wengi wakimtazama katika televisheni, kabla ya kusema neno kwa Kiingereza aliwaomba baba na mama baraka yao kwa Kispania.

Tarehe 30 Septemba 1972 alitimiza mapigo 3,000. Kabla yake wachezaji 10 tu walikuwa wamefikia hesabu hiyo.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Desemba, tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa Managua, katika nchi ya Nicaragua. Maelfu walikufa. Roberto, aliyekuwa huko majuma machache kabla, hakusherehekea Noeli kwa raha. Alikusanya vyakula, nguo na dawa. Ndipo akasikia kwamba misaada haiwafikii wenye shida, bali inashikwa na askari. Basi akaamua kwenda mwenyewe.

Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege mbovu iliyolemewa na mizigo. Haikwenda mbali, ilianguka baharini. Watu watano walikufa, naye Roberto mmoja wao, mwenye umri wa miaka 38. Mwili wake haukuonekana kamwe.

Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu. Lakini mnakumbuka mfano wa Msamaria Mwema: hakumpelekea majeruhi salamu kwa mkono wa mwingine, bali alishuka mwenyewe na kumfunga vidonda. Watu wa Managua hawakuwa ndugu wa damu wa Roberto, wala hawakuwa na kitu cha kumlipa.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, jifunzeni kwake. Msiliache kundi lenu kwa sababu ni dhaifu. Na maji ya Lualaba yakiingia nyumbani mwa jirani, msiseme pole tu mkiwa mlangoni kwenu. Chukueni unga na mkeka, mwende.

Maswali
1. Kwa nini Roberto alikwenda mwenyewe?
2. Katika mtaa wako, ni nani anayekungoja wewe mwenyewe uende?