Adrian Atiman, Katekista na Mganga wa Karema

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa ukanda wetu wa Ziwa Tanganyika, akaniachia hiari ya kuchagua. Najua wengi mtatazamia Livingstone, maana karibu sote tulipelekwa Ujiji tungali kidato cha kwanza, tukaonyeshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, tukarudi shuleni kuandika insha. Livingstone ameandikwa vya kutosha. Mimi nitamwandika mtu aliyekaa kando ya ziwa hili hili kwa miaka 67 akitibu wagonjwa na kufundisha dini, na ambaye katika masomo yangu yote sikuulizwa hata swali moja la mtihani juu yake. Huyo ni Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema.

Nilimsikia kwanza nyumbani Katonga, na aliyenisimulia ni katekista wetu, mzee mwenye baiskeli moja na kengele moja ya mkononi. Padre alikuja, akasomesha misa, akaondoka. Siku zote nyingine za mwaka kigango kilikuwa mikononi mwa mzee huyo. Ndiye aliyetuambia kwamba Majilio yameanza, ndiye aliyetugawia zamu za kuongoza rozari mwezi wa Oktoba, ndiye aliyetukumbusha kurudisha majani ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita ili yachomwe kuwa majivu. Kwetu majani hayo huwa ya mchikichi, mti ambao Kigoma haina shida nao.

Mtoto wa Katonga hukua na kalenda mbili. Moja ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, hivyo mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa kushona nyavu. Ya pili ni ya Kanisa. Kalenda hizi hukutana kila mwaka bila kukosa, kwa sababu Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Juma Kuu hutukuta daima karibu na mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Utotoni niliwaona wanaume wamejaa kanisani Alhamisi Kuu nikadhani ni uchaji mtupu. Miaka mingi baadaye nilipiga hesabu nikacheka peke yangu. Na sheria ya kuacha nyama siku ya Ijumaa, je? Kwa mtu anayekula mgebuka na dagaa wiki nzima, hiyo si toba kubwa. Katekista wetu alilijua hilo, akatuagiza tuache kitu kingine, kwa kawaida sukari.

Sasa nirudi kwa Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa hadi kaskazini. Mwaka 1876 alinunuliwa na kukombolewa na wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe, ambalo Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alikuwa amelianzisha mwaka 1868. Mwaka huo huo wa 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliokuwa wakielekea Timbuktu waliuawa jangwani. Kila ninapolifikiri jambo hili hunitatiza. Watu wazima watatu walitaka kufika alikotoka mtoto yule, wasifike. Na mtoto aliyevushwa jangwa lile lile bila hiari yake akawafikia wenzao.

Lavigerie aliamini kwamba Afrika ingeinjilishwa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, na huko vijana Waafrika waliokombolewa utumwani walisomeshwa uganga wa kisasa, wakihudhuria masomo ya Chuo Kikuu cha kisiwa kile. Wakimaliza wangerudi Afrika wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Hawakutakiwa kuwa mapadre wala kuwa Wazungu weusi. Walitakiwa kuoa, kujenga, kulima na kukaa na watu. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alihitimu na kutumwa mwaka 1888, mwaka ule ule ambao Lavigerie, wakati huo akiwa Kardinali, alikuwa akizunguka miji ya Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa.

Hapa ndugu zangu naomba tusimame kidogo. Kuna mwenzetu mmoja, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye kila tukikutana huniuliza: huyo mtoto alinunuliwa, akabatizwa, akasomeshwa, akatumwa, nani alimwuliza anataka nini? Swali hilo ni la haki na sitaki kulipitia pembeni. Mtoto wa miaka kumi hivi hachagui mkombozi wake. Hata shule hachagui. Nami nilipokuwa kijana nilijibu kwa hasira, nikisema afadhali Malta kuliko minyororo, jibu ambalo ni kweli lakini halijibu swali. Siku hizi namwambia mwenzangu atazame kilichofuata. Mtoto yule alikuwa mtu mzima, mwenye elimu ambayo watu wachache sana walikuwa nayo katika eneo zima la maziwa makuu, Waafrika kwa Wazungu. Angetafutwa na serikali, na makampuni, na miji ya pwani. Alikaa Karema. Mwenzangu bado hajaridhika, nami simlaumu.

Msafara wake ulitoka pwani kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,000 kupita bara hadi ziwani. Njia za misafara alizopita wamisionari ndizo walizopita watumwa, wengi wao wakiwa wametoka ng'ambo ya ziwa upande wa Manyema, wakavushwa na kupelekwa Tabora na pwani. Wao waliteremka kwenda baharini wamefungwa. Atiman, mtumwa wa zamani, alipanda kutoka baharini akiwa na mkoba wa dawa.

Alifika Karema mwaka 1889. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Ujiji tangu Januari 1879, kisha wakajaribu kufungua misheni Rumonge, Burundi, ambako watatu kati yao waliuawa mwaka 1881. Karema yenyewe ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa mapadre mwaka 1885. Basi Atiman alikuta kuta nene, kanisa, na watu waliokimbilia pale kutafuta usalama, baadhi yao wakiwa watoto waliokombolewa kama alivyokombolewa yeye.

Wale vijana mliopo darasani sasa, someni mstari huu kwa makini. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: kwa miaka 33 Atiman alikuwa mtu huru mwenye taaluma katika nchi ambayo sheria ilikuwa bado inakubali mtu kumilikiwa na mtu. Alifundisha katekisimu watu ambao thamani yao kwa fedha ilijulikana, na yeye mwenyewe aliijua bei ya mtu kwa kuwa aliwahi kulipiwa.

Kazi yake ilikuwa ya namna mbili, wala sidhani aliona mpaka kati yake. Alitibu homa, alitibu madonda na majeraha, alifanya na upasuaji. Tena alifundisha. Lavigerie aliweka ukatekumeni wa miaka minne, muda ambao wakati ule wengi waliuona mrefu kupita kiasi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeanza kufundishwa aliuona mwaka wa Kanisa ukizunguka mara nne kabla ya kubatizwa. Majilio manne, Noeli nne katikati ya mvua, Kwaresima nne wakati mazao yangali shambani, Pasaka nne, Pentekoste nne mvua zikikatika. Si kusoma tu maswali na majibu. Mwili wenyewe ulizoea lini kufunga na lini kuimba, lini kuomboleza marehemu na lini kutembea na maandamano ya Ekaristi. Na katika miaka hiyo minne, aliyekuwa karibu na watu siku hadi siku alikuwa katekista.

Msidhani pia kwamba ibada za siku zile zilikuwa kama hizi tulizo nazo. Misa ilikuwa ya Kilatini, padre akielekea altare. Kilichowafikia watu kwa lugha yao kilikuwa mafundisho, sala na nyimbo, na sehemu kubwa ya hayo ilipitia kinywa cha katekista. Hata Mkesha wa Pasaka haukuwa mkesha. Kwa karne nyingi ulifanywa Jumamosi asubuhi, jua limewaka, na mshumaa wa Pasaka uliwashwa kwenye mwanga wa mchana. Papa Pius XII aliurudisha usiku, kwanza kwa majaribio mwaka 1951, na utaratibu mpya wa Juma Kuu ukaanza kutumika kote mwaka 1956. Kwa hiyo karibu maisha yake yote Atiman aliishi na Pasaka ya asubuhi. Sisi watoto wa Katonga tulioukuta moto wa Pasaka ukiwashwa gizani, au tuseme kwenye mbalamwezi, tulipata kitu ambacho mtu yule hakukiona isipokuwa mwishoni kabisa, kama alikiona.

Naiona picha moja zaidi ya nyingine ninapofikiri habari zake. Ni Jumatano ya Majivu. Kwa daktari, maneno ya siku ile yanayomkumbusha mtu kwamba ni mavumbi hayana mafumbo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliupiga ukanda wa ziwa vibaya, na vijiji vya pwani vikapungukiwa watu. Tiba ya kuaminika haikuwapo. Mganga wa Karema aliyewaona watu wakipakwa majivu asubuhi aliwaona tena hao hao kitandani. Sijui Kwaresima nyingine iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa chifu wa Wabende, wenyeji wa ukanda ule. Mtoto wao Yosefu alipata upadre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wa kwanza Waafrika wa eneo hili. Mapadre walimkomboa baba, na kabla ya miaka hamsini kupita mwana akawa padre, akawasomea misa wazazi wake. Wenye tabia ya kulia kanisani, kama mimi, waniwie radhi, nimeandika sentensi hiyo mara tatu.

Serikali zilibadilika mbele ya macho yake. Wajerumani walikuja wakaondoka. Katika vita ya kwanza meli yao Graf von Götzen ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa baadaye na Waingereza, ikaanza safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo sote tunalijua. Watoto wa Karema walizeeka chini ya bendera tofauti na ile waliyozaliwa nayo, mganga wao akiwa ni yule yule. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, na mwenye nafasi ya kufika maktaba kubwa ayatafute. Alifariki Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa na umri wa miaka tisini hivi.

Jina lake halikupotea kabisa. Ipo Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga, na Dar es Salaam ipo Atiman House, nyumba ya Mapadre Weupe, ambayo baadhi yenu mmelala mlipokwenda kutafuta kazi au visa. Nimewauliza watatu kati ya waliolala pale huyo Atiman ni nani. Mmoja alidhani ni Mzungu.

Katekista wetu wa Katonga hakuwahi kufika Karema. Ni zaidi ya kilomita 200 kusini kwetu, na baiskeli haipiti majini. Lakini kila mwaka, Jumatatu ya Juma Kuu, akipanga nani atabeba msalaba na nani atasoma, alitutajia mtu yule wa Niger aliyefanya mipango kama hiyo kando ya ziwa letu kabla babu zetu hawajabatizwa. Alitaka tujue kwamba hakuianzisha kazi ile yeye. Alipofariki, kengele yake ilichukuliwa na mwanawe.

Bandari mpya ya Karema ilikamilika mwaka 2022, kwa hiyo udhuru wa usafiri umepungua. Nimekusudia kwenda huko Juma Kuu lijalo, nione ngome na kanisa, na kukesha Jumamosi na Wakristo wa pale. Tukiwa kumi tutaweza kukodi boti nzuri na kugawana gharama ya mafuta. Wenye nia waandikishe majina kwa katibu wa umoja wetu kabla ya Jumatano ya Majivu, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wakipata ruhusa tutawachangia nauli. Mbalamwezi itakuwapo, hilo naweza kuwahakikishia hata sasa.