Robert Koch na siri ya papasi kwenye njia ya misafara

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora na pembe ya ndovu begani alitembea miezi kufika Bagamoyo. Maadui wa njiani aliwajua: kiu, njaa, simba, ndui. Mwingine alimsubiri usiku bandani, kwenye nyufa za sakafu ya udongo.

Huyo ni papasi, kupe anayetoka gizani, ananyonya damu na kurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Siku kadhaa baadaye homa inapanda. Inashuka, mgonjwa anadhani kapona, kumbe itarudi. Wenyeji walishamhusisha mdudu huyo na homa hiyo. Namna anavyoieneza ndiyo iliyomvuta Robert Koch.

Alikuwa nani?

Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alianza kama daktari wa kawaida wa wilaya, na mwaka 1876 akaonyesha kimeta kinasababishwa na bakteria gani. Machi 24, 1882 akatangaza kimelea cha kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua.

Lakini si kila kitu kilimwendea vizuri. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Haikuponya, na wengine walikufa. Baadaye ikabaki kuwa kipimo tu.

Mwishoni mwa 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka, ugonjwa wa virusi uliofyeka ng'ombe wa Afrika. Alitumia nyongo ya ng'ombe waliokufa kuwapa kinga walio hai.

Mayai ya papasi

Mwaka 1905 akawa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanzania bara ya leo. Alifuata njia za misafara kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kuelekea Iringa, akichimbua udongo wa mabanda kusaka papasi.

Kisha akapasua mayai yao na kuyaweka chini ya hadubini. Ndani akakuta vimelea vya homa. Yaani mama papasi anawarithisha watoto wake ugonjwa! Banda linaweza kukaa bila mgonjwa hata mmoja na bado likawa hatari kwa msafara ujao.

Hakuwa peke yake. Uganda, Ross na Milne walishaonyesha mwaka 1904 kuwa papasi ndiye anayeeneza homa hiyo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Joseph Dutton naye aliichunguza, ikamuua Februari 1905 huko Kasongo, mji uliojulikana kwa misafara ya Tippu Tip. Kimelea hicho leo kina jina lake.

Nani alilipa?

Koch aliona pia kuwa wenyeji waliokua na papasi tangu utotoni walikuwa na kinga ambayo wageni hawakuwa nayo. Leo inajulikana kinga hiyo ina bei: homa ya papasi huua watoto wachanga na kuharibu mimba.

Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: usilale kwenye mabanda, piga hema mbali nayo. Sawa kwa mwenye hema. Mpagazi aliyelibeba hema hilo, je?

Desemba 1905 Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu. Kati ya 1906 na 1907 akarudi Afrika, safari hii visiwa vya Ssese, Uganda, kwenye homa ya malale. Huko aliwapa wagonjwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, na akaongeza dozi. Baadhi walipofuka kabisa. Ni doa lisilofutika kwenye jina lake.

Alifariki Mei 27, 1910, Baden-Baden. Miaka miwili baadaye reli ikafika Tabora, na mizigo iliyobebwa mabegani ikapanda treni.

Papasi yeye hakuondoka na misafara. Bado yupo kwenye baadhi ya nyumba za udongo Tanzania. Siku hizi homa yake inatibika kwa antibayotiki, na sakafu ya saruji inamnyima pa kujificha. Ukipata homa inayoondoka na kurudi, usiishie kununua dawa ya malaria dukani. Nenda ukapimwe damu.