Askofu Festo Kivengere: aliacha pombe siku moja, akatembea njia miaka yote



Kwa nambari hii tumechagua maisha ya Festo Kivengere, jirani yetu wa kule Uganda. Alikuwa mlevi, alikuwa mkimbizi, na alirudi kwao. Hapa Bulengera hadithi ya namna hiyo inatugusa wengi.

Alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, katika Kigezi. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akasoma, akawa mwalimu. Ila kijana huyo mwenye mshahara alikunywa sana. Uamsho wa kiroho, uliotoka Gahini kule Rwanda, ulikuwa umefika Kigezi tangu mwaka 1935, na watu waliungama zambi zao mbele ya wengine. Yeye walimuchosha tu.

Siku moja ya mwaka 1941 alikuwa anarudi nyumbani kwa kinga, amelewa. Akakutana na rafiki yake anayekuja kwa kinga vilevile, uso umejaa furaha, akimwambia kwamba amempokea Kristo. Festo alifika nyumbani akapiga magoti, akalia. Tangu pale aliacha pombe.

Wengi wanaishia hapo, wanapiga makofi. Sisi tunaona kazi ndiyo ilianza pale. Pombe ilitoka, lakini hasira na chuki zilibaki. Kulikuwa muzungu mmoja, mmisionari, aliyemchukia. Ilimlazimu apande kinga karibu kilometa 80 kwenda kumuomba msamaha. Miaka ilipita, ameoa, anahubiri, na siku moja aligombana na mke wake Mera kisha akataka kutoka kwenda kuhubiri hivyohivyo. Zamiri ikamkatalia. Akarudi jikoni kumuomba mama msamaha kwanza.

Sasa, nini ilimshikilia wakati moto wa siku ya kwanza ulipopungua? Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi ya kukutana mara kwa mara, kila mtu anasema wazi wapi ameanguka, wenzake wanamuombea. Hawakungoja mtu ajisikie na nguvu ndiyo aje. Mwenye furaha alikuja, mwenye haya alikuja.

Katika miaka ya 1940 Festo na Mera walienda kufundisha Dodoma, Tanganyika, wakakaa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo na Mera walikimbia, wakapanda milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Mwenye kukimbia usiku anajua. Uhamishoni chuki ilimrudilia, safari hii juu ya Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, aliona kwamba naye anapashwa kusamehe. Alichangisha pesa kusaidia wanafunzi wa Uganda waliokimbia, na mwaka 1979, Amin alipoanguka, akarudi kujenga. Alifariki Nairobi mwaka 1988.

Tunaandika haya juu ya wenzetu fulani. Waliporudi kutoka ukimbizi walikuta nyumba zimechomwa, mashamba hayafikiki, na kasiksi ikawa dawa ya usingizi. Waliapa kuacha. Mwezi wa kwanza waliimba, wa tatu walinyamaza, sasa hawafiki tena kwenye mkutano juu ya haya. Si kwamba kiapo chao kilikuwa cha uongo. Hamu ya kupona inapanda na kushuka kama barabara zetu za milima. Mtu akianguka siku moja, siku zote alizokaa bila kunywa hazijapotea.

Basi, tusimfute mtu kwenye orodha. Tumpitie nyumbani, tumshike mkono, aje hata akiwa na haya. Na anayekunywa sana kila siku asiache gafula peke yake: mwili unaweza kutetemeka, hata kifafa kikamushika. Tumsindikize kwanza kwenye kituo cha afya.

Nanyi wafadhili, mkiuliza kwa nini tunamusaidia mtu mmoja mara ya pili na ya tatu, jibu letu ni hilo. Kwa wengi, kupona kunaomba kuanza tena mara nyingi, na hakuna anayeanza tena vizuri akiwa peke yake.